Vumbi la Barabara ya Kibondo

Kaka yangu aliendesha basi la Kasulu na Kibondo kwa miaka sita, na karibu miaka yote hiyo hakukubali kula vumbi la mtu. Barabara ilikuwa ya udongo mwekundu. Kiangazi, basi lililotangulia liliteremsha abiria wasafi, na lililofuata liliteremsha watu wenye nyusi nyekundu, wanakohoa. Kwa hiyo abiria wenyewe ndio waliomharibu. Wakiona basi jingine mbele walianza kugonga dari wakitaka akanyage mafuta, na akishalipita walimnunulia soda. Stendi walimwita bingwa. Mimi nilikuwa wa kwanza kumvimbisha kichwa, maana udada wa bingwa ulinipa kiti cha mbele bila nauli.

Mama hakupendezwa hata siku moja. Mwaka 2013, jirani yetu alipovunjika mguu katika basi la dereva mwingine, mama alimwita kaka uani akamwapisha asishindane tena. Kaka aliapa, na akatimiza. Kwa miezi minne alikula vumbi kimya, abiria wakimcheka kwamba kazeeka. Iliniuma kumwona hivyo, nisiseme uongo.

Kisha rafiki yangu akaolewa Kibondo, nami nikiwa msimamizi wake. Nilivaa gauni la krimu lililonigharimu wiki tatu za kumfuata fundi. Tulipopita Makere na basi la kaka, basi jingine lililokuwa limesimama pembeni likaingia barabarani mbele yetu, na vumbi likaanza kupenya. Dirisha langu halikufungika. Nikalitazama gauni.

"Kaka, mpite huyu," nikasema. "Mara moja tu. Mama hatajua."

Alinigeukia akatabasamu, tabasamu ambalo sikuwa nimeliona miezi minne, akabadili gia.

Ndani ya lile vumbi mlikuwa na mwanamume juu ya baiskeli, amebeba mikungu ya ndizi. Nilisikia mshindo mmoja. Kaka hakukimbia kama wafanyavyo wengine. Alirudi nyuma kwa miguu, akakaa barabarani akikipakata kichwa cha yule baba mpaka polisi walipofika, ingawa alikuwa ameshakata roho.

Kituoni waliuliza kwa nini alipita bila kuona mbele. Nilikuwa nimesimama mlangoni, na gauni langu lilikuwa safi.

"Ni kiburi changu tu, afande," kaka alijibu.

Sikufungua mdomo. Jibu hilo likamfikia mama, naye akalishika. Kila tulipokaa kumenya muhogo alirudia kwamba mwanawe alimwapia kwa Mungu kisha akamfanya mjinga. Mimi niliendelea kumenya. Alifariki mwaka uliofuata, bila hata kumtumia kaka salamu gerezani.

Kaka alitoka mwaka 2015. Leseni hana tena, tukawa tunalima maharage pamoja. Siku moja nilimwomba msamaha shambani. Alisema mguu uliokanyaga ulikuwa wake, yaishe. Halafu akaegemea jembe.

"Niambie kitu kimoja, mdogo wangu. Mama aliondoka na kinyongo na mimi?"

"Hapana," nikasema. "Alikusamehe zamani."

Akashukuru, akainama kulima. Ningeweza kuyafanya maneno yale yawe kweli. Nilikaa na mama karibu mwaka mzima, kila siku, tukimenya muhogo.