Zamu ya Jumuiya kwa Mama Nanjala

Immaculate alikuwa amemwapia bintiye kwamba hatasema, na kwa siku nane hakusema. Kwa mwanamke anayeshinda kutwa akipanga maua ya waridi katikati ya wanawake thelathini, wote midomo wazi, hiyo haikuwa kazi ndogo.

Siri yenyewe ilikuwa hii. Nanjala, mtoto wake wa pekee, alikuwa ameomba nafasi katika chuo kikuu kimoja cha ng'ambo, kile kinachochagua wanafunzi kama mtu anayechambua mchele. Waliomba maelfu. Kutoka nchi za huku wangechukuliwa wa kuhesabu kwa vidole, na hao wangesomeshwa bure hadi wamalize, nauli ya ndege juu. Karatasi zake zilikuwa zimepita. Yalibaki mahojiano tu, ya video, Jumamosi saa kumi jioni, na sheria moja ya herufi nzito: mwombaji awe peke yake chumbani. Ikisikika sauti ya mtu mwingine akimsaidia, basi, yameisha.

Chumba chao kilikuwa kimoja, cha mabati, kwenye ploti ya vyumba kumi nyuma ya soko la Kitengela. Katika ukoo wao hakuna aliyewahi kukanyaga chuo kikuu, hata kwa kusindikiza mtu. Immaculate mwenyewe aliacha shule darasa la sita kule Malava, na Kiingereza chake kiliishia kwenye kumwamkia mwalimu. Kila karatasi ya Kiingereza iliyoingia mle ndani, iwe ni ya dawa za zahanati au kandarasi ya kampuni ya maua, Nanjala ndiye aliyeisoma. Alianza akiwa darasa la nne. Mama hukaa kitandani, mtoto kwenye kigoda, karatasi inasomwa yote kwa Kiingereza kwanza, kisha inaelezwa.

"Mama, usiambie mtu," Nanjala alikuwa amemwambia. "Nikikosa, nataka nikose tukiwa sisi wawili tu."

Sasa ona mambo. Jumamosi hiyohiyo ilikuwa zamu ya Immaculate kupokea jumuiya ya Mtakatifu Monika nyumbani kwake, na zamu hupangwa tangu Januari. Haihamishwi hivihivi kama kuku. Ukisema una mgonjwa, watakuja kumwona mgonjwa, tena na uji. Ukisema una msiba, watakuja na mchango na nyimbo. Immaculate alizunguka na jambo hilo siku tatu. Mwishowe alimwendea mwenyekiti, Wamaitha, muuza viazi pale sokoni, mama wa Kiambu mwenye ploti zake mbili na sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto.

Alijaribu kusema kwamba ana shughuli kidogo. Wamaitha akamwangalia, akamuuliza ni shughuli gani hiyo inayolishinda neno la Mungu. Hapo ndipo mdomo ulipofunguka, na ulipofunguka ulisema yote, hadi saa. Wamaitha alimshika mkono kwa mikono yake miwili yenye udongo wa viazi, akasema zamu atachukua mwenzao Caro, na habari hiyo imeingia kaburini. Immaculate alirudi nyumbani akiwa mwepesi. Maskini.

Jumamosi ikafika. Kompyuta waliazimwa na Mwalimu Lorna, aliyemfundisha Nanjala katika shule ya kutwa. Dirishani walitundika blanketi. Fundi wa kuchomelea vyuma upande wa pili alikubali kupumzika saa nzima, na Kakenya, jirani yao, akazima redio bila kuuliza sababu. Immaculate alikaa nje ya mlango juu ya ndoo iliyopinduliwa, akilinda kama askari wa benki. Ndani alimsikia Nanjala akiongea Kiingereza kilichonyooka, bila kukimbia, na roho yake ikaanza kushuka mahali pake.

Dakika kumi hazijaisha, lango la ploti likalia, na wimbo ukaingia kabla ya watu.

Walikuwa kumi na wanne, leso viunoni, thermosi za chai mikononi, Wamaitha mbele. Kumbe kaburi halikuwa na kifuniko. Na usifikiri walikuja kwa ubaya. Kwa akili zao, mtoto wa jumuiya hawezi kuketi mbele ya wakubwa wa ng'ambo bila kuombewa, na zamu ya mtu ikihama, upendo hauhami.

Immaculate alikurupuka, kandambili moja ikabaki nyuma. Kupiga kelele hangeweza, kwa hiyo aliwapungia mikono yote miwili juu ya kichwa, akirukaruka. Wao wakaona mwenzao anawapokea kwa shangwe. Wimbo ukapanda, na mmoja akapiga vigelegele. Immaculate akamfikia Wamaitha akamziba mdomo kwa kiganja, mwenyekiti mzima, mbele ya jumuiya yake. Wimbo ukakatika.

Ndani ikasikika sauti ya mwanamume kwenye kompyuta, ikiuliza kitu. Nanjala akajibu kwa ufupi. Sauti ikauliza tena, naye akajibu tena. Immaculate hakuelewa hata neno moja. Alijua tu kwamba sheria ilikuwa moja, na kwamba imevunjwa na mdomo wake mwenyewe. Wale wanawake, wakubwa kwa wadogo, waliketi palepale vumbini, na kwa nusu saa hakuna aliyekohoa. Rozari zilitembea vidoleni bila sauti.

Nanjala alipotoka macho yalikuwa mekundu. Aliwasalimia wote kwa mkono, mmoja mmoja, kama alivyolelewa, akasema imeenda vizuri, asanteni. Mama yake hakumtazama.

Wiki tatu zilizofuata, Nanjala hakumlaumu. Afadhali angemlaumu. Immaculate alichomwa na miiba kama mgeni wa kazi, akachanganya maua marefu na mafupi mpaka Opiyo, msimamizi wao, akamuuliza kama anaumwa. Jumuiya hakuenda. Wamaitha alimletea kikapu cha viazi, na Immaculate alivipika kwa sababu njaa haina kinyongo, lakini shukrani hakupeleka. Kila mara simu ya Nanjala ilipolia, mama alishika kitu, meza au ukuta, hadi mtoto aseme si wao.

Jumamosi moja asubuhi ilikuwa ni wao.

Nanjala aliketi kwenye kigoda na simu mkononi. Immaculate, kitandani, akamzuia kwa mkono. "Ngoja. Kabla hujafungua, jua hii. Ni mimi nilimwambia Wamaitha. Kama wamekukataa, ni mdomo wangu."

"Najua, Mama," Nanjala alisema. "Yule mzee aliniuliza nani wanaimba. Nikamwambia ni mama yangu na watu wake, wako nje. Akauliza kama mimi niko peke yangu. Nikamwambia humu ndani, ndiyo."

"Na mbona ulilia?"

Nanjala aliigeuza simu mikononi. "Aliniuliza, nikienda, wewe utabaki na nani. Maswali yote nilikuwa nimejitayarisha. Hilo sikuwa nalo."

Akafungua barua. Akaisoma kama walivyozoea, yote kwa Kiingereza kwanza, wala hakuruka mstari, na Immaculate akamkazia macho usoni asipate kitu. Mtoto alipofika mwisho aliishusha simu.

"Wamenichukua, Mama. Yote wanalipa. Naenda Agosti."

Immaculate alifungua kinywa apige vigelegele, na vigelegele havikutoka. Furaha ilikuwepo, Mungu ni shahidi. Lakini alikuwa ameangalia kile kigoda, akaona kuwa karatasi nyingine ya Kiingereza itakapoingia humu ndani, hakutakuwa na mtu wa kukikalia. Wiki hizi zote alikuwa ameogopa wasimchukue. Hakuwa amepata nafasi ya kuogopa wakimchukua.

"Soma tena," alisema.

Nanjala akasoma tena.

"Tena. Polepole."

Safari hii midomo ya mama ilimfuata nyuma, ikijikwaa, ikiachwa. Nanjala akanyamaza katikati ya mstari. Alimtazama mama yake, kisha akasimama, akakisukuma kigoda mbele yake, na yeye akaketi kitandani.

"Njoo ukae hapa, Mama," akasema. "Tuko na miezi minne. Tuanze na barua hii."