Nilivyomfungia Mwenzangu Apumzike

Nilisoma shule ya jioni hapo Kakuma, darasa la watu wazima, ambapo mwanafunzi mdogo kabisa alikuwa na watoto watatu. Mtihani wa kidato cha nne nilifanya nikiwa na mvi, na katika uchoraji wa ramani za majengo nikapata alama ambayo mpaka leo nikiitaja, watu hunisogezea kiti. Kwa hiyo nilipohamishiwa Lodwar, kwenye chumba cha kupokea simu za dharura, na mkubwa wetu akaagizwa akiboreshe chumba hicho kwa sababu wafanyakazi walikuwa wamechoka, hakutafuta mbali. Aliniangalia mimi.

Chumba chenyewe kilikuwa kontena la chuma lililokaa juani. Humo ndani tulikaa watu wanne, simu mbili na redio ya kuongea na madereva wa ambulensi. Kwa joto lake ungeweza kusahau unga na maji kwenye droo asubuhi, saa sita ukafungua ukakuta ugali. Feni ilikuwepo, lakini kazi yake ilikuwa kuchukua joto langu na kumpelekea jirani.

Jirani huyo alikuwa dada mmoja mzaliwa wa Lokori, na bila yeye sisi wengine tulikuwa mapambo. Mtu akipiga simu na kusema, "Tuko kwa ule mti ulianguka, karibu na kisima ya mzee wa ngamia," sisi tulitazama ukuta. Yeye aliuliza maswali mawili, kisha akamwambia dereva ni laga gani, ile mito mikavu ya kwetu, avuke na ni ipi asijaribu. Nasema kweli, alijua kila laga kwa tabia zake.

Na dada huyo alitaka kuondoka. Alikuwa ameomba ahamishiwe chumba cha mafaili, na barua yake ilikuwa mezani kwa mkubwa ikingoja sahihi.

"Huyu akienda, tutakuwa tunatuma magari kwa kubahatisha," mkubwa aliniambia. "Nitaichelewesha barua mpaka mwisho wa mwezi. Wewe jenga kitu kitamfanya abaki."

Nilichora karatasi kumi na mbili. Stoo ya nyuma niliifukuza mifagio, nikaipaka rangi ya samawati, nikaweka godoro, nikaipa ile feni yetu. Mlango niliuvisha sponji nene hata tembo akijifungua upande wa pili usingesikia. Juu yake nikaandika KIMYA. Nilipomaliza nilisimama pale nikijipongeza, kwani wengine walikuwa na kazi.

Siku iliyofuata, asubuhi, simu iliingia kutoka mbele ya Lokori. Mwanaume alikuwa na mke wake mwenye uchungu wa kuzaa, na betri ya simu ilikuwa inakufa. Dada aliongea naye, huku mkono mwingine umeshika redio akimwelekeza dereva. Alimwambia yule baba amlaze mkewe kivulini, aache kukimbia huku na huku, awashe moto wa majani mabichi ili dereva aone moshi. Kisha simu ikakatika. Baada ya muda dereva alisema kwenye redio kwamba ameona moshi, na baada ya hapo redio pia ikanyamaza, kama kawaida yake upande ule.

Dada alivua hedifoni.

"Dada, chumba chako kiko tayari," nikamwambia, nikamfungulia mlango kama bawabu wa hoteli ya Eliye Springs.

Alikaa dakika tisa. Alitoka akiwa amelowa jasho, akaketi na kunitazama kwa upole ambao sikuupenda.

"Injinia, nyumbani kwenu mbuzi akiugua mnamweka wapi?"

"Pembeni, kwa kaboma kadogo. Peke yake."

"Asiambukize wengine."

"Ndiyo."

"Sawa. Nilikuwa nauliza tu."

Wenzetu wawili waliinamia madaftari, mabega yakitikisika. Mimi nilianza kueleza habari za sponji, lakini alinikatiza.

"Huko ndani nilikuwa nasikia moyo wangu tu. Yule mama amefika?"

"Sijui."

"Unaona. Mgeni akija kwetu anaulizwa njia yote, mpaka rangi ya ngamia aliokutana nao. Hapa mtu analia kwa sikio langu, halafu anapotea. Nimetuma magari mpaka nimesahau idadi, na sijaambiwa mwisho hata wa moja. Kwa mafaili angalau karatasi ina ukurasa wa mwisho."

Hapo ndipo nilipata aibu, na mimi si mtu wa kupata aibu ovyo. Miisho yote nilikuwa nayo. Madereva wakirudi walikwenda kukaa nyuma ya tangi la maji, upande wa pili wa uwanja, wakanywa chai na kusimuliana kila kitu: nani alipona, nani alizalia garini, nani alikataa kupanda bila mbuzi wake. Siku zangu za mapumziko nilikuwa nakaa nao, nacheka mpaka mbavu zinauma, kisha narudi kontenani bila kubeba hata habari moja. Sikujua kama kuna mtu anazihitaji.

Nilizichana zile karatasi kumi na mbili. Nilimwita fundi wa kuchomelea kutoka Kalobeyei, akakata dirisha kubwa upande usiopigwa na jua la mchana. Nje yake tukasimamisha banda la makuti ya mkoma, tukatandika ngozi na mikeka chini. Kisha, na huu ndio usanifu wenyewe, nikahamisha jiko la chai na pipa la maji ya kunywa kutoka kule kwenye tangi na kuvileta bandani. Dereva akitaka chai, ilikuwa lazima apite mbele ya watu waliomwongoza njia.

Mkubwa alikuja kukagua, akakuta madereva watatu wakibishana, na mwenzetu mmoja wa simu aliyekuwa kwenye mapumziko amejilaza pale akiwasahihisha.

"Nilikuagiza utulivu," akasema, "wewe umenijengea soko."

"Soko lina dirisha, mkubwa."

Wakati huohuo yule dereva wa Lokori akafika. Alikuwa ameagizwa safari nyingine palepale, kwa hiyo siku tatu hatukumwona. "Ejok," akasalimia, akanyoosha mkono kuchukua kikombe. Dada wa Lokori alitoka kontenani, akamkalisha.

"Anza pale ulipoona moshi."

"Nilifika, nikawabeba, tukaenda hospitali."

"Usiruke. Mama alikuwa amelala wapi?"

Basi akasimulia vizuri. Mama alikuwa chini ya kivuli kama alivyoagizwa. Mtoto hakungoja hospitali, alizaliwa garini wakishavuka laga ya pili, wa kike, na sauti yake ilimfanya dereva adhani ni king'ora kimejiwasha. Wote wawili wako salama.

"Na baba yake alikuwa anauliza, huyo mwanamke wa simu ni nani. Anasema ulimgombeza kuliko mama mkwe."

Dada alicheka mpaka akajifuta macho kwa leso, na aliendelea kujifuta hata baada ya kicheko kuisha. Tulimwachia nafasi, sote tukiwa palepale.

Mkubwa alikohoa. "Sasa, ile barua yako. Mwezi unaisha kesho."

Dada aligeuka akatazama njia ya Kakuma.

"Usitie sahihi kwanza," akasema. "Kuna gari nilituma Kalobeyei asubuhi kwa mzee aliyeanguka. Halijarudi."