Masale Yaliyosogezwa

Tarehe nne Juni nilimpoteza mume wangu, tukamzika nyuma ya nyumba, kwenye kahawa. Haikupita miezi miwili, kijiji kizima kikachangamka: jiwe la kumbukumbu linakuja! Lingewekwa kando ya barabara yetu, juu ya Tengeru, mahali ambapo wazee waliohamishwa kwa nguvu na wakoloni kutoka kaskazini mwa mlima walilala mara ya kwanza. Marehemu mama mkwe wangu alifika hapo akiwa mgongoni mwa mama yake. Nilifurahi hata nikaona aibu, maana nilikuwa bado na nguo za msiba.

Siku ya kazi fundi alionyeshwa penye masale, alama ya mahali walipolala wazee. Kwetu masale ni mimea ya mpaka na ya alama, ikishapandwa, haiguswi. Ndiyo maana hakuna aliyeuliza. Sululu ilipoinuliwa, nikainua mkono.

“Si hapo,” nikasema.

Mwenyekiti wa kitongoji akacheka. “Mama, masale hayana miguu.”

“Haya yalihamishwa. Tulipooana tu, kabla barabara haijapita, marehemu aliyasogeza apate nafasi ya migomba. Mafiga ya wazee akayafukia palepale yalipokuwa. Na mimi nilishika jembe.”

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, akanisogelea. “Shemeji, udongo wa kaburi haujakauka, unamwanika hivi? Jiwe likae hapo hapo. Mgeni gani atajua?”

“Mimi najua.”

“Basi tuonyeshe,” jirani yangu akapaza sauti, “au unataka tukulimie shamba bure?” Watu wakaangua kicheko.

Nikaingia kwenye migomba nikihesabu hatua kuanzia kwenye masale, umati nyuma yangu. Ya saba ilifika kwenye mgomba unaozaa kuliko yote.

“Haya, tuone,” shemeji akasema kwa hasira, akaukata mwenyewe kwa panga.

Wakachimba. Jembe likagonga, ngo! Figa la kwanza, la pili, halafu la tatu, bado yana weusi wa moto! Mwenyekiti alivua kofia. Wanawake wakapiga vigelegele, na mimi na gauni langu jeusi nikajikuta nawazidi wote.

Tukafyeka migomba mingine sita ili jiwe lionekane kutoka barabarani. Shemeji alilishika upande mmoja, fundi upande wa pili, wakalisimamisha. Saa kumi zege likamwagwa. Shemeji akanawa mikono, akaondoka bila kuniaga.