Mashada ya Bibi Nang'ida na Mstari Mtupu

Jamani, hii naisimulia nimeinamisha kichwa, maana hadi leo nikisikia familia inaitwa ikaweke shada, natafuta pa kujificha.

Bibi yake Neema, mchumba wangu, alifariki kwao Nduruma, na Baba Neema (ambaye nilikuwa bado sijapata ujasiri wa kumwambia nataka kumuoa binti yake) akasikia natengeneza tovuti, akaniagiza niandae ukurasa ambao kila familia itajiandikisha kuweka shada, mshereheshaji asome kwenye simu. Nikafanya haraka haraka. Lakini jina la marehemu, Nang'ida, likatokea Nang'ida.

"Kijana, mama yangu mmemwandika namba za gari?" Baba Neema akaniuliza.

Kumbe programu ina mlinzi anayezigeuza alama, kama ule mkato wa kwenye jina, kuwa namba, ili kivinjari kinachofungua ukurasa kisizidhanie ni amri, na mimi nilimweka mara mbili. Ningemwondoa mara moja tu, yangeisha. Mimi kwa kumwogopa mzee nikamwondoa kote kuwili, jina likakaa vizuri, nikajiona fundi.

Makaburini, mshereheshaji akiwa ameshaita wanne, nami nikafungua ukurasa kwenye simu yangu. Namba tano, tupu. Nikatazama kilichojazwa kwenye fomu: <Wakwe wa Sombetini>. Walilipamba jina lao kwa vile vimshale, na kivinjari, kwa kuwa mlinzi nilishamwondoa, kikadhani kimepewa amri, kikalimeza lote. Nilipaswa kunyoosha mkono pale pale, lakini Baba Neema yuko mbele, mchungaji yuko kando yake, nikairudisha simu mfukoni.

"Namba sita, wanakwaya!"

Mzee wa Sombetini, aliyemuoa shangazi yake Neema, alikuwa amesimama na shada lake mkononi. Kwaya wakaweka, majirani wakaweka, bado amesimama. Mwisho akalilaza shada chini pembeni, akasema taratibu (heri angefoka), "Haya. Kama hatutambuliki, sisi twende nyumbani."

Watu wake wakaanza kuondoka, shangazi akaangua kilio upya, nami nikapenya hadi mbele: "Shikamooni wazee. Mliandikwa, ni mimi nimewafuta, ile mishale kwenye jina..." Nikaanza kuwafundisha waombolezaji habari za tovuti, kaburini, fikiria!

"Mwanangu, nyamaza kwanza waitwe," mama mmoja akaniambia.

Wakaitwa. Mzee akarudi, akaokota shada, akaliweka. Hakunitazama.

Wiki iliyofuata Baba Neema akaniita. Nilikwenda nikijua nafukuzwa. Akanikazia macho, akasema:

"Neema ameniambia unachotaka. Andika barua ya posa, kwa kalamu. Halafu uipeleke kwanza Sombetini, wakiikubali wao ndiyo uje kwangu."

Nimeapa: alama za watu siziachi tena bila mlinzi, na nikiuona mstari mtupu nitapiga kelele hata mbele ya askofu. Barua nimeshaiandika mara nne. Sombetini bado sijaenda, naogopa.