Jembe la Sini ya Tatu

Lwitiko alikuwa fundi simu pale mjini Sumbawanga, ana kibanda cha bati nyuma ya stendi, lakini ukimwita "fundi" alikuwa hageuki upesi. Ukitaka ageuke, mwite dairekta. Filamu alizokwisha kutoa zilikuwa hazijafika moja, ila jina alikwisha kuliandika ubavuni mwa kibanda kwa rangi nyekundu, na mvua ilikuwa imeanza kulifuta.

Alimpenda Rozina, binti wa Mzee Baltazari wa Malangali, mkulima wa mahindi na ulezi. Alimpenda miaka miwili kimyakimya, maana kila akisimama mbele yake maneno yalimkimbia yakabaki ya kazini.

"Simu yako inakaa na chaji?" angemuuliza.

"Inakaa," angejibu Rozina, na kupita zake.

Hivyo ndivyo alivyopata akili ya filamu. Alitunga kisa cha kijana maskini anayekwenda kuposa, na sini ya tatu baba wa binti anamfukuza yeye na jembe lake la posa. Sini ya tano anakuja kijana mwingine, nadhifu, ana koti la bluu. Baba anakubali, binti anatabasamu, mwisho. Huyo wa koti la bluu angekuwa nani kama si Lwitiko mwenyewe? Koti alikwisha kulichagua mnadani, likaning'inia kwenye msumari kibandani likisubiri sini yake. Mawazo yake yalikuwa kwamba Rozina akishasema ndiyo mara moja, hata kwa kuigiza, mara ya pili haitamwia ngumu.

Umaskini alimpa rafiki yake Oswaldi, dereva wa bodaboda, kijana mpole ambaye mstari mmoja wa maneno ulimchukua siku mbili kuukariri.

"Wewe kazi yako ni kufukuzwa tu, mshikaji."

"Poa," alisema Oswaldi. "Hiyo nimeizoea."

Mshenga akawa Mzee Kasimiri, baba mdogo wa Oswaldi. Na baba wa binti akaombwa awe Mzee Baltazari mwenyewe, kwenye ua wake mwenyewe, ili mambo yaonekane ya kweli.

"Maneno manne tu, mzee," Lwitiko alimfundisha. "Toka na jembe lako."

"Amenikosea nini huyo kijana?"

"Hana kitu, mzee. Ni maskini."

"Mimi nilipokwenda kumposa mama yake Rozina nilikuwa na nini?"

"Mzee, hii ni filamu."

"Haya," alisema mzee, kwa sauti ya mtu ambaye bado anafikiri.

Jumamosi asubuhi, upepo wa Juni ukikata masikio, wakakusanyika. Lwitiko alikuwa ameagiza jembe lolote la dukani. Lakini Mzee Kasimiri aliona aibu kwenda kwa watu na jembe lenye karatasi ya bei. Alipanda ghalani kwake akashusha jembe lililofuliwa na babu yake, zito, jeusi, akalifunga kwenye gunia safi.

Lwitiko akainua simu yake, ile yenye kava la kioo linalomeremeta. "Sini ya tatu! Anza!"

Wakaanza kusalimiana. Mzee Kasimiri alichuchumaa, akapiga makofi ya taratibu, Mzee Baltazari akaitikia. Wakaulizana watoto, ng'ombe, mahindi, kikohozi cha mwaka jana, na marehemu wawili ambao dairekta hakuwa na habari nao. Chaji ilishuka kutoka themanini hadi hamsini na tano.

Ndipo Rozina akaitwa. Alitoka amefunga kitenge kipya, akatazama moja kwa moja kwenye simu.

"Kata! Rozina, usiangalie kamera. Mwangalie Oswaldi."

Akarudia kutoka. Akaangalia kamera.

"Kata! Oswaldi yule pale, jamani! Mwangalie kama unampenda!"

Mara ya tatu hivyohivyo. Mara ya nne Rozina akamwangalia Oswaldi, ambaye magoti yalikuwa yakimcheza ndani ya suruali.

"Wageni hawa unawafahamu?" baba yake akamuuliza.

"Nawafahamu, baba."

Mzee Kasimiri akafungua gunia, akaliweka jembe mikononi mwa mwenyeji. Mzee Baltazari akaligeuza. Akapitisha kidole gumba pale nyundo ilipopiga zamani. Nyuma ya simu Lwitiko alikuwa anachezesha midomo bila sauti: toka na jembe lako, toka na jembe lako.

Mzee akafungua kinywa.

"Karibuni ndani," akasema.

"Kata! Mzee, ni 'toka'!"

"Nani atoke?"

"Oswaldi, mzee! Ndiyo stori."

"Kijana, jembe hili mtu halitoi ghalani kwa mchezo. Binti ameulizwa kama anawafahamu, amekubali. Mimi nimepokea kwa mikono miwili, majirani wameona. Sasa hilo 'toka' nilisemee mdomo gani?"

"Turudie mara moja tu, baba. Nakuomba."

"Kuposa hakurudiwi. Binti yangu si wimbo wa kwaya, mkikosea mnaanza upya."

Mama Josefina, mke wa mzee, alikuwa hasubiri tena. Alikwisha kumkamata jogoo. Majirani wakapiga vigelegele. Katikati ya kelele Oswaldi akainuka nusu.

"Dairekta, sasa mimi natoka au sitoki?"

"Toka!" akapiga kelele Lwitiko.

Mzee Kasimiri akamvuta Oswaldi shati, akamkalisha. "Kaa. Wewe umekubaliwa."

Jumatatu yake Oswaldi alionekana shambani kwa Mzee Baltazari akipura ulezi. Yule aliyehangaika siku mbili na mstari mmoja, sasa alikuwa akisema "baba mkwe" bila kukosea hata mara moja.

Lwitiko alikaa kibandani akirudia kuitazama ile video, na ndipo moyo ukamruka. Mara tatu Rozina alitoka ndani, na mara tatu aliangalia kamera. Na nyuma ya kamera alikuwa nani? Alifunga kibanda na simu za watu ndani, akakimbia mpaka Malangali. Alimkuta Rozina anapepeta.

"Rozina, siku ile ulikuwa unaniangalia mimi. Nimeona."

Rozina akasimamisha ungo. "Wewe? Nilikuwa naangalia nywele zangu kwenye kava lako. Kile kioo kinaonyesha vizuri."

"Mara zote tatu?"

"Upande wa kushoto ulikuwa haujakaa." Akapepeta kidogo, kisha akasema kwa upole, "Oswaldi alikuwa anatetemeka kweli, Lwitiko. Wewe ulikuwa unaangalia chaji."

Lwitiko alitaka kujibu. Lililomjia lilikuwa, "Siku hizi inakaa?"

"Inakaa," alisema Rozina.

Wiki ya harusi akasikia kwamba Oswaldi hana koti la kuvaa kanisani na analiulizia lile la bluu. Lwitiko akaapa. Akafanya hata mazoezi, peke yake, akiliangalia koti pale kwenye msumari. Maneno mawili tu: koti silitoi. Koti silitoi.

Mchana wakaja, Oswaldi nyuma, Mzee Kasimiri mbele.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu." Mzee akavua kofia. Akachuchumaa palepale mlangoni, kwenye vumbi la stendi, akapiga makofi yake ya taratibu. Akauliza habari za kazi. Akauliza habari za mama yake Lwitiko, na mpunga wake kule Mtowisa, kama njia imepitika. Oswaldi alikuwa ameinamisha kichwa.

"Tumekuja kwako kwa heshima," akasema mzee.

Lwitiko akafungua kinywa. Yale mawili aliyoyafanyia mazoezi asubuhi nzima hayakuwepo.

"Karibuni ndani," akasema, ingawa kibanda kile hakikuwa na nafasi hata ya mtu wa pili, akanyoosha mkono kwenye msumari.