Kichwa Kilichotupwa Duluth

Ndani ya mashua ile tulikuwa watu wanne, na wa tano alikuwa kitandani nyumbani kwetu Lakeville, huku ughaibuni, akitungoja. Nilikuwepo mimi. Alikuwepo Hamisi, mume wa binti yangu Rehema, mtu wa Mombasa, anayefanya kazi ya mizigo uwanja wa ndege kule Bloomington. Mimi humwita Baba Aisha, maana mkwe haitwi jina hivihivi tu. Alikuwepo huyo Aisha mwenyewe, mjukuu wangu wa miaka kumi na mitano, anayesikia Kiswahili chote lakini kukijibu hataki. Na alikuwepo Leni, Mzungu mzee aliyewahi kufanya kazi na Hamisi, mwenye mashua. Wa kitandani ni Zuhura, mdogo wangu, baba mmoja mama mmoja.

Zuhura ndiye aliyetupeleka majini. Ilikuwa siku ya tisa hajala kitu cha maana. Dawa za saratani zilikuwa zimemharibia ulimi, kila alichoonja alisema kina ladha ya msumari. Daktari akatuambia asipokula kufikia Alhamisi atatiwa mpira wa kulishia tumboni. Zuhura akageukia ukutani. Baadaye akaniambia, "Dada, nipatie kichwa cha samaki, kama cha bibi. Hicho nitakula." Nikamletea samaki aina ya ngege, wa barafu, kutoka dukani. Akamnusa, akasema, "Huyu alikufa kabla mimi sijaanza kuumwa. Mtoe hapa." Alitaka samaki aliyeliona jua siku hiyohiyo.

Hamisi akaongea na Leni. Tukaondoka baada ya swala ya alfajiri, mwendo wa saa mbili na nusu kwa gari hadi Duluth, kwenye ziwa lile kubwa. Mwezi wa sita, nami nimevaa koti la theluji na soksi mbili mbili.

Sasa nikwambie uvuvi wao. Mashua inatembea polepole kama mtu aliyedondosha pete, inakwenda na kurudi, inaburuta nyuzi nyuma yake. Chambo hakuna. Ni vibati vya rangi rangi, vinavyometameta kama hereni za harusini. Fimbo zimechomekwa kwenye matundu, hazishikwi na mtu. Leni ameketi anatazama televisheni ndogo inayomwonyesha samaki walipo, na kwa mkono uleule unaoshika ndoana anakula soseji ya nguruwe, tena ananikaribisha! Nikatazama kando. Moshi wa injini unanirudia puani, baridi inaniingia magotini, na mashua inabembea. Nikatapika. Nikatapika tena. Aisha akanishika koti kwa nyuma, uso ameugeuzia mbali.

"Mama, si wewe umezaliwa ziwani?" Hamisi akaniuliza.

Kweli nimezaliwa ziwani, Kendu Bay, nyumba ya tatu kutoka majini. Lakini mashua ya uvuvi sikuwahi kuikanyaga. Kwetu mwanamke hakupanda mashua ya samaki, wala kuuruka wavu ulioanikwa. Walisema samaki watakimbia. Sisi wasichana kazi yetu ilikuwa nchi kavu, na karai kichwani. Asubuhi tulisikia makasia kabla hatujaona watu, tukashuka na bibi yetu, Mwanajuma, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Alifungua mashavu ya samaki kwa kidole gumba, akitazama ndani kama daktari. Wekundu ukimridhisha, alinunua. Usipomridhisha, alimsonya muuzaji mbele ya watu wote.

Nyumbani mkia ulikuwa wa watoto, mnofu wa babu na wageni. Kichwa kilikuwa cha mgonjwa. Hiyo ilikuwa sheria ya bibi, na hata babu hakuigusa. Zuhura alipougua surua, macho yamevimba hayafunguki, bibi alimpakata akamlisha kichwa kizima kwa vidole, shavu kwanza, jicho mwisho. Mimi nilisimama mlangoni, mzima wa afya, nikitamani na mimi nipate surua. Harufu ya mchuzi ule, moshi wa kuni, sauti ya bibi, "Nyonya, mwanangu, nyonya mfupa," vyote ninavyo. Ningeweza kukuonyesha hata jiwe alilokalia.

Basi saa tatu zikapita pale Duluth bila hata mtikisiko, nami nikaanza kufikiri wale wazee wa kwetu pengine walijua wanalosema. Mara fimbo moja ikapinda. Leni akapiga ukelele, soseji ikaanguka. Wakampa Aisha fimbo, akavuta, akalia, akacheka, akavuta. Samaki akatoka, urefu wa mkono wangu, ngozi ya fedha. Nikamfungua shavu kwa kidole gumba. Wekundu kama wa hina mbichi. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile nikasema alhamdulillahi.

Tulipofika gatini niliingia chooni kusukutua kinywa. Ni dakika chache tu. Nikatoka nikakuta meza ya kukatia samaki imeshaoshwa, na Hamisi ameshika mfuko wenye vipande viwili vya mnofu, anatabasamu.

"Kichwa kiko wapi?"

"Mama, nimemwambia Leni amtengeneze vizuri. Bila mwiba, bila nini. Mgonjwa atakula kwa raha."

"Baba Aisha, kichwa kiko wapi?"

Akatazama pipa.

Mtu wa Mombasa! Aliyelelewa kwa mchuzi wa vichwa! Baadaye Rehema alinieleza kwamba kazini waliwahi kumcheka kwa kupasha kichwa cha samaki, naye akaapa Mzungu hatamwona nacho tena. Lakini pale sikulijua hilo. Nilichohisi ni kinyaa, si cha pipa, cha dunia nzima. Nilipoondoka kwetu minofu ya mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani, ilikuwa ikipakiwa ndege kwenda ng'ambo, nasi wenye ziwa tukiuziwa mifupa mitupu, mgongo wazi, ndio walivyouita. Nimevuka bahari, nimefika kwa wanaokula minofu, na kichwa nacho kinakwenda jaani!

Nikakunja mikono ya koti, nikaingiza mkono hadi kwenye kiwiko. Matumbo ya samaki wa watu wengine, nzi, utelezi.

"Mama, tafadhali. Watu wanatuangalia."

"Waangalie. Wamelipa kiingilio?"

"Bibi, gross!" akasema Aisha, amejiziba pua. Lakini ndiye aliyenishikia mfuko. Nikakipata, kizima, macho yote mawili. Kurudi nyumbani madirisha ya gari yalikuwa wazi njia nzima.

Nilikiosha kwa maji saba na ndimu sita. Nikakipika vile bibi alivyopika, nikampelekea Zuhura bakuli. Akanusa. Akaonja kijiko kimoja, akakunja uso.

"Samaki gani huyu, mafuta kama ya taa? Na nani amekwambia bibi alitia nyanya?"

"Alitia."

"Hakutia. Ni ndimu na kitunguu tu."

"Zuhura, mimi ndiye niliyekuwa nikizikata!"

"Ulikuwa unakata za mchicha. Wewe mlangoni uliona nini? Mimi ndiye niliyekuwa ninakula." Akanyonya mfupa wa shavu, akautema mkononi. "Nyanya! Umekiharibu kabisa." Akachukua kijiko kingine ili anionyeshe uharibifu wenyewe, na kingine, tukibishana, hadi bakuli likabaki na mifupa. Alhamisi ikapita bila mpira.

Alikula hadi vuli. Theluji ya kwanza ilipoanguka, Zuhura akaenda zake kwa Mola, na mpira hakutiwa. Bibi Mwanajuma hayupo, nyumba ya tatu kutoka majini imekuwa ghala la saruji, na ngege wa kwetu nasikia sasa analetwa kwenye katoni. Aliyebaki kukumbuka chungu kile ni mimi peke yangu, na kukumbuka peke yako kunachukiza, kwa sababu hakuna wa kukwambia unadanganya. Ikiwa wewe unayesoma uliwahi kula Kendu Bay kwa Mwanajuma, au mamako alikula, usinionee haya kwa uzee wangu. Niambie nimekosea wapi. Niambie kama nyanya ilikuwemo.