Nusu Mara Theluthi

Nyumbani kwetu tunaongea Kishambaa. Nikianza Kiswahili jioni, mke wangu na binti yetu wanajua kwamba ama ukali umeingia, ama usomi. Nilifika kidato cha nne mimi, na kwenye ukoo wetu hilo si jambo dogo. Dawa ya kupulizia nyanya shambani ikinunuliwa na maandishi yake, chupa inaletwa kwangu niisome. Basi nikajiona.

Binti yangu yuko darasa la tano. Jioni moja, ukungu umeshatua mpaka mlangoni, alikuwa jikoni na mama yake, karibu na moto, akifanya hesabu za nyumbani. Nikachungulia. Ameandika nusu mara theluthi, jibu moja ya sita.

"Hebu! Hii nini?" nikasema, kwa Kiswahili. "Unazidisha halafu jibu linapungua? Uliona wapi?"

"Baba, mwalimu katuambia ya juu kwa ya juu, ya chini kwa ya chini."

"Mwalimu gani huyo! Namba za chini lazima zifanane kwanza." Nikamnyang'anya penseli. Nusu nikaigeuza tatu ya sita, theluthi nikaigeuza mbili ya sita, sita ya chini nikaiacha ilivyo, kama kwenye kujumlisha. Tatu mara mbili, sita. Sita ya sita. "Moja kamili! Unaona jibu lilivyotulia? Futa."

Akamtazama mama yake.

"Futa, nimesema! Kichwa gani hicho, kigumu kama gogo?"

Akafuta, na hesabu nyingine zote za ukurasa ule akazifanya upya kwa njia yangu. Mimi nikaenda kulala nimeridhika kabisa.

Siku ya gulio nikakutana na mwalimu wake, binti mdogo tu, anachagua karoti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwalimu. Mwanangu anaendeleaje?" Nilikuwa nasubiri sifa, nisiwafiche.

"Ananishangaza. Darasani sehemu anazipata zote, kuzidisha na kugawanya. Kazi ya nyumbani kakosa zote. Nikamuuliza nani kakufundisha hivi, akasema hakuna mtu, kajichanganya mwenyewe. Nikambakiza darasani azirudie, wenzake wakienda kucheza."

Jamani! Nilitamani ardhi ipasuke. Ilikuwa niseme palepale, mwalimu, ni mimi. Mdomo ukafunguka, na kilichotoka ni hiki: "Watoto wa siku hizi, mwalimu, hawako makini." Naye akaitikia kwa kichwa, kwa heshima, akalipia karoti zake.

Nikarudi kwa njia ya bondeni, sikutaka kusalimiana na mtu. Nikafika shambani kwangu, nikasimama kwenye kabichi. Shamba lile lote lilikuwa la babu. Nusu alipata baba mkubwa, nusu baba yangu. Baba alipofariki, nusu yake tukaigawana ndugu watatu, kwa kamba, nusura tushikane mashati. Theluthi ya nusu. Nikavihesabu vipande kwa kidole kama mtoto: vitatu vyetu, na upande wa baba mkubwa vingetoka vitatu kama hivi. Ni moja ya sita, haina ubishi. Kila msimu nanung'unika jinsi kipande hiki kilivyo kidogo, halafu nikakaa jikoni nikamlazimisha mwanangu aandike kwamba ni shamba zima. Nilijisikia vibaya mpaka masikio yakawaka, na baridi yote ile.

Njia nzima kupanda nyumbani nikapanga maneno. Ningeyasema kwa Kishambaa, polepole, asiogope. Nilikosea mimi. Umeadhibiwa kwa ajili yangu, na mimi nikakusema sokoni. Nikayarudia mpaka nikayaona mepesi.

Nilipofika nikaketi karibu na moto, mke wangu akipika. "Lete daftari, mwanangu," nikasema.

Akaja mbio. Akafungua hesabu mpya za siku ile, za kugawanya, akaliweka daftari magotini kwangu. Sijasoma hata moja, nikaona ameshashika kifutio, amekiweka juu ya jibu la kwanza.

"Nifute ipi, baba?"



"Usifute," nikasema. "Nifundishe."

Hakukiondoa kile kifutio. Alimtazama mama yake kwanza, kuhakikisha kama nasema kweli.